Kompyuta Inapokataa Kuitambua Bodi

Bodi ndogo ya maikrokontrola iliyochorwa, ikachongwa na kulehemiwa na mwanafunzi mwenyewe, inapochomekwa kwa mara ya kwanza kwenye tundu la USB la kompyuta, hupokewa kwa namna moja kati ya tatu. Huenda ikatambuliwa na kuanza kazi mara moja. Huenda kompyuta ikatoa ilani kwamba kuna kifaa, lakini kifaa hicho hakitambuliki. Huenda pia kusitokee lolote, kana kwamba hakuna kilichochomekwa. Namna ya kwanza ni nadra katika jaribio la kwanza, wala si jambo la kumwonea mtu haya. Hizo mbili nyingine ndizo zinazowafanya vijana wengi waamue haraka kwamba chipu imeungua, waing'oe, na kuagiza nyingine.

Katika Nyanda za Juu Kusini uamuzi huo una gharama yake. Vipuri vya aina hii hupatikana kwa wingi zaidi Kariakoo, Dar es Salaam, na hupandishwa kwa basi: takriban kilomita 500 hadi Iringa, na zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya. Chipu mpya ikifika na kupachikwa, mara nyingi huonyesha ugonjwa uleule, kwa sababu ile iliyotupwa ilikuwa nzima na hitilafu ingali ndani ya bodi. Hasara ya fedha ni ndogo kuliko hasara ya pili, yaani kijana kuzoea kubahatisha mahali ambapo angeweza kupima. Nyanda hizi zina shule kongwe za ufundi, Ifunda upande wa Iringa na Iyunga upande wa Mbeya. Zina pia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza mwaka 1986 kikiwa chuo cha ufundi, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa mjini Iringa, kinachoandaa walimu. Kwa hiyo watu wa kupima wapo. Vyombo vinavyohitajika ni mita ya kawaida ya fundi redio, saa ya mkononi, na subira.

Bodi inayozungumziwa hapa ni ile iliyo rahisi kuliko zote kutengenezwa nyumbani: chipu moja ya ATmega328P yenye miguu 28, fuwele ya kwatzi ya megahezi 12, rezista chache, dayodi mbili za zena na waya wa USB. Chipu za ukoo huo zilibuniwa Trondheim, Norway, na kuuzwa na kampuni ya Atmel, ambayo tangu mwaka 2016 imo mikononi mwa Microchip. ATmega328P haikuumbwa na sehemu ya USB ndani yake. Inaifanya kazi hiyo kwa programu tupu, iitwayo V-USB, iliyoandikwa na kampuni ya Objective Development ya Vienna, Austria. Hapo ndipo penye uzuri wa bodi hii kwa wanafunzi, na hapo ndipo penye udhaifu wake pia: kila kitu ambacho chipu ya ghali hukificha, hapa kiko nje, kinaonekana na kinaweza kukosewa.

Mwenyeji na mgeni

Utaratibu wa USB ulitangazwa mwaka 1996, na msingi wake haujabadilika. Kompyuta ni mwenyeji. Kifaa ni mgeni. Mgeni hasemi mpaka aulizwe. Waya wa kawaida una nyuzi nne: nyekundu inayobeba volti 5, nyeusi ya ardhi, na mbili za data, yaani nyeupe iitwayo D− na ya kijani iitwayo D+.

Ndani ya kompyuta kila uzi wa data umeungwa na ardhi kupitia rezista ya omu 15,000. Kwa hiyo tundu likiwa tupu, nyuzi zote mbili zina volti sifuri. Mgeni anapofika hupiga hodi kwa kuuinua uzi mmoja. Huuinua kwa rezista ndogo zaidi, ambayo kanuni za USB zinataka iwe ya omu 1,500 ikielekea kwenye volti 3.3. Mwalimu wa fizikia ataona mara moja kwamba huu ni mgawanyo wa volti wa darasani: 3.3 mara 15,000, gawanya kwa 16,500, jibu ni volti 3.0 kamili. Akiinua D−, mgeni anajitambulisha kuwa wa mwendo mdogo, biti milioni 1.5 kwa sekunde. Akiinua D+, ni wa mwendo kamili, biti milioni 12 kwa sekunde. Bodi yenye V-USB hujua mwendo mdogo peke yake.

Baada ya hodi, mwenyeji hungoja angalau milisekunde 100 ili mguso wa plagi utulie, kisha huzishusha nyuzi zote mbili kwa milisekunde 10 au zaidi. Hiyo ndiyo amri ya kuanza upya. Ndipo anapouliza swali la kwanza: wewe ni nani? Anatazamia baiti chache za maelezo. Akizipata humpa mgeni anwani, namba kati ya 1 na 127, kisha humwuliza tena kwa kirefu: namba ya mtengenezaji, namba ya bidhaa, kiasi cha umeme anachohitaji. Mpangilio wa hatua hizi hutofautiana kidogo kati ya Windows na Linux, lakini kiini ni hichohicho. Mwishoni kabisa ndipo kompyuta hutafuta programu ya kukiendesha kifaa.

Faida ya kuyajua haya ni kwamba mazungumzo yakikatika, huwa yamekatika mahali fulani. Kazi ya mpimaji ni kutafuta mahali hapo, wala si kubadilisha vipuri kimoja baada ya kingine. Kosa la kompyuta kutamka "kifaa hakitambuliki" lafanana na homa: si kila homa ni malaria, na mganga anayetoa dawa ileile kwa kila homa atawaponya wachache tu.

Bodi mbili, ilani moja

Chukulia mfano wa bodi mbili zilizotengenezwa kwa mchoro mmoja, moja Mbeya na nyingine Iringa. Katika Windows zote mbili zinatoa ilani moja, na katika orodha ya vifaa zote zinaonyesha kodi 43. Aliyeishia hapo atasema zina ugonjwa mmoja.

Linux husema zaidi. Amri ya dmesg huonyesha kumbukumbu ya yale yaliyotokea tundu lilipoguswa, mstari kwa mstari. Kwa shule isiyo na kompyuta yenye Linux, mfumo huo waweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski. Bodi ya Mbeya inapochomekwa, mstari wa kwanza unataja kifaa kipya cha mwendo kamili. Neno hilo moja latosha. Bodi hii haiwezi kuwa ya mwendo kamili. Ikiwa kompyuta imeiona hivyo, ni kwa sababu mkono ulioinuliwa ni D+ badala ya D−. Maana yake uzi mweupe na wa kijani vimebadilishana mahali, kabla ya kuifikia rezista ya kuinua. Jambo hili hutokea mno pale mwanafunzi anapotumia waya uliokatwa kwenye kipanya kilichokufa, kwa vile watengenezaji wengine hawafuati rangi za kawaida. Dawa ni kuupima waya huo kwa mita tangu kwenye plagi hadi kwenye ncha, mguso mmoja mmoja, na kutoiamini rangi.

Yafaa kutofautisha kosa hilo na ndugu yake. Nyuzi zikibadilishana baada ya rezista ya kuinua, yaani kwenye miguu ya chipu, kompyuta itataja mwendo mdogo ipasavyo, kisha isipate jibu lenye maana. Katika mpangilio wa kawaida wa V-USB, D+ lazima ifike kwenye mguu wa 4 wa ATmega328P, ambao una uwezo wa kuikatiza chipu kazi yake pindi ishara inapoingia. Ikifika kwenye mguu mwingine, chipu haitasikia kamwe kwamba imeitwa.

Bodi ya Iringa inaandikwa kuwa ya mwendo mdogo, kama inavyopasa, halafu yafuata mistari ya kosa namba −71. Namba hiyo ina maana kwamba kanuni za mazungumzo zimevunjwa: ama biti zimefika zimeharibika, ama hazikufika kabisa. Hapa mita inachukua nafasi ya kwanza. Bodi ikiwa imechomekwa, na kompyuta imekwisha kukata tamaa ya kuuliza, hupimwa volti kati ya D− na ardhi.

Katika bodi hii chipu inaendeshwa kwa volti 5, ambazo ni nyingi mno kwa nyuzi za data. Ishara za USB hazipaswi kuzidi volti 3.6. Ndiyo maana pamewekwa dayodi mbili za zena za volti 3.6, moja kwa kila uzi, na rezista ya omu 68 kati ya kila uzi na chipu. Rezista ya kuinua inatoka kwenye volti 5, kwa hiyo wengi huifanya omu 2,200. Mambo yakiwa sawa, mita husoma karibu volti 3. Ikisoma sifuri, ama rezista ya kuinua haipo au haikushika risasi, ama uzi umegusana na ardhi. Ikisoma karibu volti 4.4, zena haifanyi kazi, kwani 5 mara 15,000 gawanya kwa 17,200 ni 4.36, yaani mgawanyo wa rezista mbili tu bila kizuizi cha tatu. Ikisoma karibu 0.7, zena imewekwa kinyume na inapitisha umeme kama dayodi yoyote ya silikoni. Upande wenye mstari ubavuni ulipaswa kuelekea kwenye uzi wa data. Kipimo kimoja, hitilafu tatu zinatenganishwa, na hakuna kilichong'olewa.

Bodi ya Iringa inasoma volti 2 na ushei. Si sifuri, si 0.7, si 4.4. Hili ni fumbo linalofaa kuletwa darasani, maana jibu lake halimo kwenye mchoro bali kwenye duka. Zena inayopatikana kwa urahisi kwa mafundi redio ni ile nene ya wati 1. Volti 3.6 zilizoandikwa kwenye zena hiyo hupatikana pale tu inapopitisha mkondo uliotajwa na kiwanda. Kwa zena ya 1N4729A mkondo huo ni miliampea 69. Katika bodi hii kinachopita ni takriban miliampea 1. Kwa mkondo mdogo hivyo, zena za volti ndogo hulegea na kushika volti iliyo chini sana ya ile iliyoandikwa, ilhali USB hutaka uzi ulioinuliwa uwe na angalau volti 2.7. Zaidi ya hayo, zena nene ina uwezo mkubwa wa kuhifadhi chaji, na uwezo huo huzivuta kingo za ishara: biti moja ya mwendo mdogo hudumu nanosekunde 667 tu. Zena ya nusu wati ya aina ya BZX55, ambayo hupimwa kiwandani kwa miliampea 5, huondoa tatizo. Kwa sura hutofautiana kidogo tu na ile nene, na muuzaji asiyeulizwa wati hatazitaja.

Wapo wanaoikwepa zena kabisa kwa kuiendesha chipu nzima kwa volti 3.3 kupitia kidhibiti cha volti. Kwa ATmega328P yenye fuwele ya megahezi 12 njia hiyo ni salama, na kwa maoni ya wengi ni bora, ingawa inaongeza kipuri kimoja kisichopatikana kila mtaa.

Saa isiyo na mishale

Volti zikiwa sawa na kosa −71 likabaki, shutuma ya pili huangukia saa ya chipu. Kwa fuwele ya megahezi 12, kila biti ya USB inachukua mapigo 8 kamili ya saa, na programu ya V-USB huzisoma biti kwa kuhesabu mapigo hayo. Saa ikikosea, hesabu yote inakosea. Utaratibu wa USB humruhusu mgeni wa mwendo mdogo kukosea kwa asilimia 1.5 tu.

ATmega328P ikitoka kiwandani haitumii fuwele. Imepangwa kutumia saa yake ya ndani ya megahezi 8, iliyogawanywa kwa 8 ikawa megahezi 1. Fuwele hata ikilehemiwa vizuri, chipu haitaijali mpaka zile biti za mpangilio ambazo mafundi huziita fyuzi zibadilishwe kwa kifaa cha kupakia programu. Bodi ya Arduino Uno yaweza kuifanya kazi hiyo ikiwa shule haina kifaa chake. Wanaoisahau hatua hii ni wengi, wakiwemo waliokwisha kuambiwa.

Hapa saa ya mkononi yatosha, hapahitajiki chombo cha ghali cha kuchora mawimbi. Iandikwe programu ya kuwasha taa moja ya LED mara moja kwa kila sekunde, ikielezwa kwamba saa ni ya megahezi 12. Taa ikiwaka kila baada ya sekunde 12, chipu inatembea kwa megahezi 1 na fyuzi hazijaguswa. Ikiwaka kila baada ya sekunde 1 na nusu, ni megahezi 8 za ndani. Mimweko 60 ikichukua sekunde 45 badala ya 60, fuwele iliyouzwa kuwa ya 12 kwa kweli ni ya 16. Na kwa wale wanaotumia saa ya ndani kwa makusudi, mimweko 600 ihesabiwe: kosa la asilimia 2, ambalo tayari limevuka mpaka, litaonekana kama sekunde 12 katika dakika kumi. Darasa zima laweza kuliona bila kugusa mita.

Kuna jambo la mahali linaloingia hapa. Saa ya ndani ya chipu hubadilika kwa joto, wakati fuwele haibadiliki kwa kiasi cha kudhuru. Bodi isiyo na fuwele, iliyosawazishwa Dar es Salaam katika joto la nyuzi 30 za Selsiasi, ikiletwa Mbeya katika asubuhi ya Julai, ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 10, huweza kukataa saa mbili asubuhi na kukubali saa nane mchana. Hitilafu inayokuja na kuondoka namna hiyo haisababishwi na mkono wa mtu. Dawa ni fuwele, na pamoja nayo kapasita mbili za pikofaradi 22 zilizo karibu kabisa na miguu yake, pasipo njia ndefu za shaba.

Kosa namba −110 husema jambo jingine. Ni kosa la kungoja kupita muda. Katika bodi za V-USB mara nyingi lina maana ya kutia moyo: chipu iko hai, inasikia, na inajibu "bado kidogo" kila inapoulizwa, lakini haifiki kwenye jibu lenyewe. Sehemu ya programu inayopokea biti hufanya kazi kwa kukatiza shughuli nyingine. Sehemu inayotunga jibu hutegemea mwandishi wa programu aite kazi ya usbPoll kila mara, katika muda usiofikia milisekunde 50. Mwanafunzi aliyeweka kituo cha sekunde nzima katikati ya programu yake, labda akingoja kipimajoto, ameifanya bodi yake kuwa mgeni aliyeketi sebuleni akasinzia. Shaba na risasi hazina hatia hapa.

Kimya kitupu

Pale ambapo dmesg haisemi neno, hodi haikupigwa au haikusikika. Kabla ya kuigusa bodi, waya ubadilishwe. Sokoni zimejaa nyaya za kuchajia simu ambazo zina nyuzi mbili tu, nyekundu na nyeusi. Taa ya bodi itawaka vizuri sana, na data haitapita kamwe. Katika makosa yote ya USB hakuna lililo jepesi kuliko hili, wala hakuna lililopoteza jioni nyingi zaidi. Waya unaothibitishwa ni ule uliokwisha kupitisha picha kutoka kwenye simu hadi kwenye kompyuta ileile.

Kwa wanaoweka tundu jipya la umbo la Type-C kwenye bodi zao, kuna mtego mwingine. Miguso miwili iitwayo CC lazima kila mmoja uungwe na ardhi kwa rezista yake ya omu 5,100. Ikikosekana, bodi hufanya kazi kwa waya wenye plagi ya zamani upande wa kompyuta, lakini ikiungwa kwa waya wa Type-C pande zote mbili haipati hata umeme.

Kompyuta ikilalamika kwamba umeme umezidi kiasi, bodi itolewe mara moja na ukinzani kati ya uzi mwekundu na mweusi upimwe kabla ya kuirudisha. Risasi iliyomwagika kati ya miguu miwili ndiyo mshukiwa wa kwanza. Mshukiwa wa pili ni kapasita kubwa iliyotolewa kwenye redio mbovu: USB hairuhusu zaidi ya maikrofaradi 10 moja kwa moja kwenye volti 5, na kapasita ya maikrofaradi 1,000 huzivuta volti za tundu mara tu inapochomekwa. Karibu na miguu ya umeme ya chipu kinachotakiwa ni kapasita ndogo ya nanofaradi 100. Mahali penye kompyuta moja kwa wanafunzi wengi, bodi mpya isichomekwe kwanza kwenye tundu la kompyuta hiyo, bali ipitie kwenye habu ya bei ndogo yenye chaja yake. Habu ikifa, somo linaendelea. Tena habu za aina ya USB 2.0 wakati mwingine huzipokea bodi hizi vizuri kuliko matundu mapya ya USB 3, ambayo huwa makali zaidi kwa ishara zilizo mpakani.

Hatari mbili za mwisho hazionekani kwenye mchoro. Katika miezi ya kiangazi, hewa ya Iringa na Mbeya ikaukapo kuelekea Oktoba, sweta lililovuliwa gizani hutoa cheche. Cheche ya namna hiyo hubeba maelfu ya volti, na tabaka la ndani la chipu halihimili hata sehemu ndogo yake. Anayeishika chipu aguse kwanza chuma kilichofika ardhini, na chipu ihifadhiwe kwenye karatasi ya alumini, si kwenye mfuko wa plastiki wala kipande cha povu jeupe. Hatari ya pili ni chaja ya kompyuta yenye miguu miwili isiyo na waya wa ardhi, ile inayomfanya mtu ahisi mtekenyo akigusa chuma cha kompyuta. Mtekenyo huo ni umeme unaovuja. Kulehemu bodi ambayo bado imechomekwa kwenye kompyuta ya namna hiyo ni kuupa umeme huo njia ya kupita ndani ya chipu. Waya wa USB uchomolewe kabla ya pasi ya kulehemu kuigusa bodi, bila kujali kazi ni ndogo kiasi gani.

Katika upimaji wote huu kuna sharti moja ambalo mwalimu hana budi kulisimamia, kwa sababu vijana hulivunja kwa hamu ya kumaliza: kibadilishwe kitu kimoja, bodi ichomekwe, mstari wa dmesg uandikwe daftarini pamoja na volti ya D−, ndipo kingine kiguswe. Aliyebadilisha zena, waya na programu kwa pamoja, akafanikiwa, hajui ni kipi kilichomponya; na bodi ya pili ikigoma hana la kuanzia.

Na ikiwa, baada ya yote, shutuma imebaki juu ya chipu, nayo ina njia ya kujitetea. Kila ATmega328P ina saini ya baiti tatu iliyochorwa ndani yake, 1E 95 0F, na kifaa cha kupakia programu huweza kuisoma. Chipu inayotoa saini hiyo haijafa, ijapokuwa mguu wake mmoja waweza kuwa umeharibika. Hilo hujaribiwa kwa kuuamuru mguu wa 4 uwashe na kuzima taa, bodi ikiwa imetengwa na waya wa USB. Saini isiposomeka, bado kuna swali moja: huenda fyuzi zimepangwa kutumia fuwele, na fuwele yenyewe haitetemi. Fuwele nyingine ikipachikwa, au mapigo ya saa yakiletwa kutoka bodi nyingine hadi mguu wa 9, chipu nyingi zilizodhaniwa maiti huamka na kutaja saini yao. Ile isiyoamka hata hapo ndiyo hung'olewa kwenye soketi yake, na nyingine kuagizwa Kariakoo.